Hesabu ya Kurudi

Jambo lote liligharimu masanduku mawili ya bati yaliyojaa karatasi, nyumba moja ya vyumba vitatu kule Kiplombe, na haki yangu ya kuambiwa asante bila kuangalia chini. Nimehesabu mara mbili. Kila mara nyumba ndiyo inayotoka rahisi.

Nilimwita Mwalimu na yeye aliniita Mama Viatu, na miaka yote hiyo hakuna kati yetu aliyehitaji jina lingine. Alifundisha hesabu kwenye chuo kimoja cha hapa Eldoret. Mimi niliuza viatu vya mitumba karibu na soko, turubai moja chini, turubai moja juu. Alizaliwa wapi na babake alikuwa nani, hayo nawaachia wanaotunga matangazo ya vifo. Nitasema tu kile ambacho baadaye kila mtu alitaka kujua: watu wake walikuwa wametoka mkoa wa kati, na wangu walitoka ziwani. Kwa miaka tisa jambo hilo halikuwa na uzito zaidi ya saizi ya kiatu. Yake ilikuwa tisa, na mguu wa kushoto ulikuwa mpana kidogo.

Hakujua kuvutana bei. Mtu wa kawaida akitajiwa bei anashtuka, anatembea hatua tatu, anarudi. Yeye alisimama pale pale akifikiri, kama nimemuuliza swali la mtihani, halafu anaamua bei hiyo ni ya haki au si ya haki. Ikiwa ya haki analipa. Ikiwa si ya haki anaenda zake na hageuki. Mteja wa namna hiyo anasumbua sana, maana huwezi kumdanganya kidogo. Ni umdanganye kabisa au umwache.

Kilichomleta kwangu kwa kudumu ni bale. Mimi bale la viatu nalihesabu mara mbili, mara ya kwanza nikitoa, mara ya pili nikirudisha, kwa sababu wanaofunga mabale huko ng'ambo wana mzaha wao. Asubuhi ile nilipata vya kushoto arobaini na kimoja na vya kulia thelathini na tisa. Mwalimu alikuwa amesimama pembeni na mwavuli wake mpaka nikamaliza. Akaniuliza kwa nini sikuamini hesabu ya kwanza. Nikamwambia ya kwanza nilihesabu nikitarajia faida. Alicheka peke yake, kicheko cha mtu aliyeokota kitu njiani, na wiki iliyofuata akarudi kunipa kazi.

Kazi yenyewe nikiieleza sokoni, watu walidhani nimeingizwa kwenye dini mpya. Mwalimu alipokuwa mwanafunzi ng'ambo, yeye na wenzake walichukua jicho la chura, wakaweka waya mwembamba kuliko unywele karibu na seli moja ya neva iliyo ndani yake. Halafu wakalionyesha jicho ubao wa miraba myeusi na myeupe, kama ubao wa drafti uliorukwa na akili, unaobadilika kila wakati bila mpangilio wowote. Seli ikipendezwa na ilichokiona, inatema umeme kidogo. Mashine iliandika umeme huo kwenye karatasi ndefu za kukunja: mstari unatambaa, unatambaa, na pale seli ilipotema, mwiba unasimama. Mashine na kanda zilibaki kwa wenyewe. Yeye alirudi na nakala za karatasi, masanduku mawili, na hamu ya kujua yule chura alikuwa akiona nini.

Hesabu alinieleza mezani kwake, taratibu, kama mtu anayefundisha kuchinja kuku. Unatafuta kila mwiba. Unaangalia ni ubao gani uliokuwa mbele ya jicho muda mfupi kabla ya mwiba huo. Unazipanga mbao hizo zote moja juu ya nyingine, unajumlisha mraba kwa mraba. Yaliyotokea kwa bahati yatajifuta yenyewe, maana bahati haina msimamo, leo nyeusi kesho nyeupe. Kitakachobaki ndicho seli inachokitafuta duniani. Kujumlisha alifanya yeye kwenye kompyuta ya chuo. Macho ya kutenganisha mwiba wa kweli na mkwaruzo wa mashine yalikuwa yangu. Kompyuta haikuweza kusoma karatasi zile, na wanafunzi wake, alisema, wanaona kile wanachodhani mwalimu anataka waone.

Tulihesabu Jumapili baada ya kanisa na Jumatano mchana, siku ambayo biashara yangu hulala. Jumapili nilihesabu kutoka kushoto kwenda kulia. Hiyo aliita hesabu ya kwenda, na niliiandika ukurasa wa kushoto wa daftari, namba ya miiba kwa kila kipande cha karatasi. Jumatano nilichukua karatasi ile ile na kuanza mwisho, kulia kwenda kushoto. Hiyo ilikuwa hesabu ya kurudi, ukurasa wa kulia, ule mwingine ukiwa umekunjwa nisiuone. Kufuta kulikatazwa. Na kwenye jalada la kila daftari nilitakiwa kuandika jina langu kamili na namba ya simu, kwa kalamu ya wino. Alisema shahidi asiye na jina ni uvumi.

Tofauti kati ya kwenda na kurudi ndiyo aliyoipenda kuliko hesabu yenyewe. Ilimwambia macho yangu yanakosea kiasi gani, na kwa hiyo picha atakayoichora iaminiwe kiasi gani. Mtu akimletea namba bila kusema amekosea wapi, Mwalimu aliishika ile karatasi kwa vidole viwili, kama nguo ya ndani ya mtu mwingine.

Ilichukua karibu mwaka kabla picha ya kwanza kutoka. Aliichora kwenye karatasi ya miraba kwa penseli za rangi za binti yake Nyambura, ambaye wakati huo alikuwa sekondari na alitaka penseli zake zirudishwe. Ilikuwa doa jeupe katikati na pete nyeusi kulizunguka.

"Mwaka mzima," nikamwambia, "na chura wako anatafuta doa?"

"Anatafuta inzi, Mama."

"Ungeniuliza. Ningekuambia chura anatafuta inzi."

Hakukasirika. Alisema kila mtu anajua jibu la chura, lakini hakuna aliyemwambia jicho linauliza vipi. Akaibandika ile picha ukutani, mahali ambapo watu wengine huweka kalenda ya mbunge.

Watu hudhani jicho ni dirisha, alikuwa akisema, na hilo lilimuudhi. Jicho ni soko. Hakuna mtu sokoni anayejua bei ya mahindi. Kila mmoja anapiga kelele yake, lakini ukipanda ghorofani ukazijumlisha kelele zote, bei unaijua. Nilimpinga. Nilimwambia sokoni kila mtu anaijua bei, ila anataja nyingine. Akatoa kalamu, akaandika maneno yangu kwenye kiganja chake. Jumatano iliyofuata aliniambia nimempa sura nzima ya muhula.

Alikuwa na mchezo wa punje mbili za mahindi. Anaziweka mezani umbali wa shubiri na nusu, anakuziba jicho moja, anakuambia ukazie macho punje moja na usogee polepole. Mahali fulani punje ya pili inatoweka. Meza unaiona, punje huioni. Aliwachezea watoto wa ploti, mafundi waliokuja kutengeneza paa, hata mchungaji wa kanisa lake, ambaye alisogea mbele na nyuma mara nne na kisha akaomba chai. Kila mtu ana tundu katika kuona kwake, Mwalimu alieleza, na halioni, kwa sababu ubongo unalishona kiraka kwa kitambaa cha jirani. Unachukua rangi iliyo kando kando na kusema hapa pia ni hivyo hivyo.

Lakini mtu huyu aliyekuwa na subira ya miaka kwa seli ya chura hakuwa na subira ya dakika kwa binadamu. Alimfukuza jirani aliyekuja kumsalimia mara mbili asubuhi moja. Na kuna mwanafunzi wake mmoja aliyenakili vipimo vya mwenzake kwenye zoezi la maabara, vipimo sita tu. Mama wa yule kijana alinijia sokoni akilia, kwa sababu ilijulikana mimi huingia nyumba ile. Nilienda nikambembeleza Mwalimu. Nilimwambia kijana alikuwa anafanya kazi usiku kwenye kiwanda, alichoka, vipimo sita ni nini. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema mtu akikosea bado ni shahidi, ila anayetunga namba amemziba shahidi mdomo na kusema yeye mwenyewe. Kijana akarudia mwaka. Mama yake hakununua kwangu tena.

Kwa hiyo nilijua. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea. Sikufanya nilichofanya kwa ujinga.

Madaftari saba ya kwanza yalikuwa ya seli moja moja. La nane lilikuwa la seli mbili jirani zilizosikika kwenye waya mmoja, na ndilo alilolingoja miaka yote. Aliamini kwamba miiba ya majirani wawili ikianguka pamoja inasema jambo ambalo hakuna hata mmoja anayelijua akiwa peke yake. Kila mmoja anajua doa. Wawili pamoja, alidhani, wanajua mstari: ukingo wa kitu, pale jani linapoishia na hewa inapoanzia. Ukiweza kuonyesha hivyo kwa jicho la chura, alisema, umeanza kuonyesha dunia inavyotengenezwa ndani ya kichwa.

Daftari hilo liliangukia Desemba ya uchaguzi. Krismasi, kura, mikutano, kila mtu akitaka kiatu cha kutembelea. Hesabu ya kwenda niliifanya Jumapili zote, kwa haki, mwiba kwa mwiba, na hilo nitaapa mbele ya yeyote. Lakini Jumatano za Desemba hazilali. Nilikuwa na mabale mawili mapya, moja lina viatu vya daraja la kwanza, vile tunaviita kamera, na siwezi kuacha kamera kwa jirani ili nikahesabu miiba ya chura. Basi nikalichukua daftari nyumbani, nikakunjua ukurasa wa kushoto, na hesabu ya kurudi nikaitunga.

Sikunakili. Kunakili ni kazi ya kijana wa vipimo sita. Mimi nimeuza vitu miaka mingi na najua namba ikilingana sana mnunuzi anashuku. Niliongeza mmoja hapa, nikapunguza wawili pale, mara nyingine watatu, kama jicho lililochoka kidogo. Kurasa zote za daftari la nane. Nikamrudishia siku chache kabla ya kupiga kura.

Jumamosi alinipigia simu niende. Nilimkuta ameinamia meza na penseli. Kwenye karatasi kulikuwa na mstari mwembamba uliolala upande, mweupe, na kivuli huku na huku. Hata mimi niliuona. Mwalimu alinitengenezea chai kwa mikono yake mwenyewe, ikamwagikia jiko, akaniletea nusu kikombe. Akasema nisimwambie mtu bado. Januari, soko likitulia, tukae wawili, mimi na yeye, tuzihesabu karatasi zile upya kwenda na kurudi, ndipo aandike. Nilifurahi kuliko yeye. Nikajua nitairekebisha Januari na hakuna atakayejua.

Januari ikaja vile ilivyokuja.

Matokeo ya kura yalikataliwa, na watu wa kati wakaanza kufukuzwa na nyumba zao kuchomwa. Sitasimulia yote. Walioyaona hawahitaji, na wasioyaona wana televisheni. Mwalimu na Nyambura walitoka nyumbani asubuhi na nguo walizovaa, wakafika uwanja wa maonyesho pamoja na maelfu ya watu wao. Siku ya tatu alinipigia kwa simu ya mtu mwingine. Hakuniomba unga wala blanketi.

"Masanduku, Mama. Yako chini ya kitanda. Madaftari achana nayo."

"Na yale tumeandika yote?"

"Yataandikwa tena. Karatasi hazitaandikwa tena, yule chura amekufa."

Nilienda mchana. Njiani kulikuwa na vizuizi viwili, cha kwanza mawe, cha pili mti wa mkaratusi uliokatwa ukalazwa barabarani. Waliomba kitambulisho, wakasoma jina la mwisho, wakaona ni la ziwani, wakanirudishia. Wawili kati yao walikuwa wamevaa viatu nilivyowauzia mimi. Sura zao sikuzikumbuka, bei nilizikumbuka. Mmoja, mwenye buti za kahawia, akasema kwa adabu kabisa, "Pita, Mama Viatu, lakini usikae sana huko."

Mlango wa Mwalimu ulikuwa umeshavunjwa. Godoro limeenda, televisheni imeenda, hata nyaya za taa zimevutwa. Masanduku yalikuwa yametolewa chini ya kitanda, yamefunguliwa, na yameachwa. Hakuna mwizi anayetaka miiba ya chura. Na juu ya meza, yamepangwa vizuri, madaftari manane, na juu ya kila jalada jina langu kamili kwa wino, na namba yangu ya simu.

Nilisimama pale nikisoma jina langu mara nane katika nyumba ya mtu wa upande ule. Siku hizo ilikuwa ikisemwa kwamba watakaojulikana kuwaficha ama kuwafanyia kazi watafuatwa. Baadaye nilimwambia Mwalimu, na mchungaji wake, na kila aliyeuliza, kwamba masanduku yalikuwa mazito. Hayakuwa mazito. Bale la viatu ni zito kuliko sanduku lile, na mimi mabale nabeba. Ningeweza kutoka na moja na kurudi kuchukua la pili. Lakini mkono wangu ulienda kwenye madaftari kabla sijaamua, nikayatia kwenye mfuko wa nailoni chini ya sukuma wiki niliyoichuma shambani kwake, nikarudi njia ile ile. Kesho yake nyumba iliteketea. Sikumwokolea Mwalimu kitu. Nilikwenda kujitoa mimi.

Nilimpelekea uwanjani. Alikuwa kwenye foleni na kikombe cha plastiki. Tuliingia kwenye hema lao, akaketi kwenye jerikeni, akatoa daftari la nane kwanza. Alilifungua ukurasa kwa ukurasa, polepole, kidole kikishuka kushoto na kulia. Nyambura aliuliza masanduku yako wapi. Nikasema mazito. Mwalimu hakuinua kichwa. Alipomaliza alilifunga, akaliweka juu ya mengine, akasema, "Asante, Mama. Umepita pabaya kwa ajili yetu."

Kuanzia hapo nikawa hadithi. Alihamia chumba kimoja mjini, hakujenga tena Kiplombe, akaendelea kufundisha mpaka kustaafu, na kila mahali alipokuwa na watu alinitaja. Aliwaleta wageni wa chuo kwenye turubai langu na kuwaambia huyu ndiye aliyevuka vizuizi viwili kwa ajili ya macho ya chura. Wageni walinishika mkono. Wengine walinunua viatu. Kanisani kwake nilisimamishwa wakapiga makofi, na mama mmoja aliyepoteza duka lake lote alinikumbatia na kuniambia Mungu huwa anaacha wema wachache. Nilikwenda nyumbani nikalala na viatu miguuni.

Lile zoezi la Januari hakulitaja tena. Nilidhani ni kwa sababu hakukuwa na karatasi za kuhesabu. Mstari wa daftari la nane aliubandika ukuta wa chumba kipya, karibu na doa, na wanafunzi walipokuja aliwaonyesha. Hii ni seli moja, hii ni majirani wawili. Nilikuwa nikimsikia na kuangalia dirishani.

Mwenye buti za kahawia alirudi kununua Machi. Alivuta bei kwa ustadi, hatua tatu na kurudi, na mimi nikampunguzia. Nilimsimulia Mwalimu jioni hiyo, nadhani nilitaka anikaripie. Alisema tu kwamba wale watu, ukimchukua mmoja mmoja, hakuna aliyefanya kitu. Huyu alisimama tu barabarani. Yule alishika jiwe lakini hakulirusha. Mwingine alisoma vitambulisho. "Seli ni hivyo," akasema. "Kila mmoja ni kelele kidogo. Jumlisha uone picha." Sikumuuliza mimi anijumlishe wapi.

Nilianza kumkwepa. Ni jambo la aibu kumkwepa mtu anayekusifu, lakini jaribu usifiwe miaka kumi kwa jambo ambalo hukulifanya, utajua sifa ina makali gani. Nikiona mwavuli wake naingia kwa jirani kukagua mikoba. Na yeye, aliyekuwa hamsubiri mtu, alikuwa ananisubiri. Anakaa kwenye kigoda changu dakika ishirini, anahesabu viatu kwa kunyoosha kidole, halafu anaacha salamu na kuondoka.

Mara ya mwisho kuonana ilikuwa Cheptiret, ambako Nyambura ana duka la dawa za mifugo kando ya barabara kuu. Alinipigia akasema baba ananiita, na macho yake yamekwisha: presha ya macho, waliigundua ikiwa imeshayamaliza. Nilikwenda mchana. Alikuwa ameketi ubavuni mwa duka juani, blanketi magotini, uso umegeukia malori yanayopita kama mtu anayeyasoma. Viatu vyake nilivijua. Nilimuuzia mimi, na cha kushoto kilikuwa kimepasuka.

Aliniuliza biashara, nikasema inasukuma. Akaniuliza kama bado nahesabu bale mara mbili. Nikasema ndiyo. Nyambura alileta chai na mfuko wa nailoni niliokuwa nikiujua, akaketi kando yetu na madaftari yote manane.

Mwalimu alieleza kwamba kuna vijana wa chuo kikuu wanaofanya kazi kama ile yetu, wao kwa mashine, seli mamia kwa wakati mmoja. Walisikia habari za madaftari. Wanataka kuyachapisha, yote manane na picha zake, jina lake na jina langu, kwa kuwa hakuna kazi kama hiyo iliyofanywa hapa kwa mikono. Barua yao ilikuwa inasubiri jibu. Nilisema hongera.

"Nyambura," akasema, "mhesabie Mama daftari la saba. Ni mara ngapi ya kwenda na ya kurudi zimelingana kabisa?"

Ilikuwa imehesabiwa tayari, iko kwenye karatasi. "Mia tatu na kumi na mbili, baba."

"La nane."

Nyambura aliangalia chai yake. "Hakuna."

Lori likapita, likafuatiwa na lingine. Mwalimu alisubiri kelele iishe. Kisha akanieleza bila ukali wowote, kwa sauti ile ile ya kuchinja kuku, kwamba mtu anayehesabu kweli hulingana na nafsi yake mara nyingi kuliko anavyodhani. Ni mtu anayetunga ndiye anayeogopa kulingana.

Nikamuuliza alijua lini.

"Kwenye hema."

"Siku ile ile?"

"Kabla hujakaa chini."

Miaka yote ya makofi ilinipita kichwani, kila mkono nilioshikwa. Nikamwambia hesabu ya kwenda ni ya kweli, kila mwiba, naapa kwa watoto wangu. Akasema anajua, na hiyo ndiyo shida yake. Ingekuwa ya uongo yote angelichoma siku nyingi. Nikamuuliza basi kwa nini alinyamaza, kwa nini alinisimamisha kanisani. Alifikiri kwa muda mrefu, vile alivyokuwa akifikiria bei.

"Mwanzoni nilisema umenusurika vizuizi, nikuulize miiba? Baadaye nilikuwa nimeshawaonyesha watu ule mstari. Nilimfelisha kijana kwa namba sita, Mama. Mimi nimefundisha na daftari lako mpaka nikastaafu."

Nyambura alimwachia baba daftari la nane magotini, akainuka akaingia dukani, ingawa hakukuwa na mteja.

"Bale la viatu," Mwalimu akaniuliza, "lina kilo ngapi?"

"Arobaini na tano."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata jumla aliyoitegemea. Hakusema lolote kuhusu masanduku. Alipapasa magotini mpaka akalipata daftari la nane, akaliweka mapajani mwangu, jina langu juu, na mkono wake akauacha pale.

"Karatasi ziliungua," akasema, "na mimi sioni tena. Duniani umebaki wewe uliyeiona ile miiba kwa macho. Nyambura anajibu barua kesho. Sasa nishauri, Mama. Aandike kwamba tuliuona mstari, au aandike kwamba tulitaka kuuona?"